Alama zilizobaki Bwera: kisa cha mtahiniwa wa UCE 2024

Binti alifika shuleni kwetu wiki ya pili ya muhula wa kwanza, Februari 2024, na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi yake ya matokeo ya PLE, mtihani wa darasa la saba, ya mwaka 2019, picha nne za pasipoti, na ripoti ya muhula wa mwisho wa kidato cha tatu. Aliyemleta ni mama yake mdogo, mwuza vitenge wa Katwe, hapa Kampala. Waliposikia shule ina mwalimu wa Kiswahili walinitafuta mimi kabla ya hedimasta, na yule mama akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto amebakiza mtihani tu."

Nilikubaliana naye, na hedimasta pia. Binti akapewa kitanda na dawati siku ileile. Wiki kumi zilipita kabla hatujagundua kwamba sote watatu tulikuwa tumekosea, na kosa hilo nusura limnyime cheti cha UCE, yaani cha mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Nimekiandika kisa hiki, kwa ruhusa yake na ya wazazi wake, kwa sababu tangu wakati huo nimekutana na wazazi wengi wenye kauli ileile: amebakiza mtihani tu.

Alikotoka

Baba yake ni Mkongo wa Butembo, mama yake Mkonzo wa Bwera, upande wa Uganda wa mpaka wa Mpondwe. Nyumbani kwao wanazungumza Lukonzo na Kiswahili, na sokoni Kiswahili peke yake. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2019, akaingia kidato cha kwanza Februari 2020. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Machi, shule zote za Uganda zikafungwa kwa sababu ya korona. Kwa madarasa kama lake kufungwa huko kulikwisha tarehe 10 Januari 2022, ukitoa vipindi vifupi. Karibu miaka miwili hiyo aliimaliza akimsaidia mama yake kuuza sokoni Mpondwe. Shule zilipofunguliwa walimpandisha kidato cha pili kama wenzake wote, na mwaka 2023 akawa kidato cha tatu.

Kundi lake ndilo lililoanza na mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliozinduliwa mwaka huohuo wa 2020. Hakuna kaka wala dada aliyewatangulia katika njia hii ambaye wangeweza kumwuliza, na walimu wao wenyewe walikuwa wakijifunza wakifundisha.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule moja ya sekondari pale Mpondwe wakaua wanafunzi wengi. Binti hakuwa anasoma shule hiyo. Lakini mama yake hakupata usingizi tena mtoto akiwa bwenini karibu na mpaka. Alimwacha amalize mwaka, kisha akamtuma Kampala kwa mdogo wake. Deni la karo la shilingi 480,000 likabaki kwenye vitabu vya shule ya kwanza, ambayo ni ya binafsi. Ninaeleza haya kwa sababu baadaye baadhi ya wenzangu walisema mzazi alimhamisha mtoto kwa kukimbia deni. Sivyo ilivyokuwa.

Cheti kinadai nini

Katika utaratibu wa zamani mambo yalieleweka hata na mzee asiyejua kusoma. Mtoto alifanya mtihani mwishoni mwa mwaka wa nne, masomo yake bora yakajumlishwa, akapewa divisheni. Alichofanya kidato cha tatu kilikuwa siri yake na mwalimu wake. Aliyelala miaka mitatu akaamka mwaka wa nne aliweza kupata divisheni ya kwanza.

Kwa mtaala mpya, mtihani wa mwisho unabeba asilimia 80. Asilimia 20 inatokana na kazi anazofanya mwanafunzi darasani kidato cha tatu na cha nne, zile ambazo walimu wote wanaziita AOI. Kila mada ikiisha, mwanafunzi anapewa tatizo la maisha halisi alitatue kwa alichojifunza: kuandaa tangazo la chanjo kwa wanakijiji, kuchora ramani ya eneo linalomomonyoka, kupanga bajeti ya duka. Mwalimu anaisahihisha kwa kipimo kisichozidi 3, na shule inazipeleka alama hizo UNEB, baraza la taifa la mitihani. Juu ya hapo kuna kazi ya mradi. Kwa mradi wao, binti na wenzake walitengeneza sabuni ya maji na kuiuza.

Halafu kuna hesabu ya masomo. Kidato cha kwanza na cha pili mwanafunzi ana masomo 12, na Kiswahili kimo miongoni mwa 11 ya lazima. Akiingia kidato cha tatu anapunguza. Saba yanabaki kuwa ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa. Anaongeza moja au mawili ya kuchagua. Kwa hiyo hawezi kuwa chini ya masomo nane, wala kuzidi tisa.

Matokeo nayo hayana tena divisheni. Kila somo lina herufi yake kuanzia A hadi E, na mtahiniwa anawekwa katika moja ya mafungu matatu. Matokeo 1 ni ya waliotimiza masharti: masomo nane pamoja na yale saba ya lazima, alama za darasani, kazi ya mradi, na walau D katika somo moja. Matokeo 3 ni ya aliyepata E kila mahali. Matokeo 2 ndiyo yanayonitia hofu mimi, kwa maana ni ya mtu ambaye pengine anajua kabisa anachokijua lakini kuna sharti limepungua: somo moja halipo, mradi haupo, alama za darasani hazipo. Huyo hapewi cheti.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Mama mdogo wa binti, nilipomweleza, alipiga hesabu kwa vidole: akikosa ile 20, si bado ana 80? Na mtoto ana akili. Ingekuwa ni suala la alama tu, hesabu yake ingekuwa sahihi. Lakini alama za darasani ni sharti pia, na anayezikosa hawezi kulifidia sharti hilo kwa kufaulu sana mtihani.

Aprili

Mwalimu wetu wa mitihani alianza kujaza orodha ya watahiniwa wiki ya tatu ya Aprili. Ada ya usajili ya binti, shilingi 164,000, ilikuwa imelipwa pamoja na karo. Namba yake ya PLE ilikuwapo, na bila hiyo usajili wa UCE hauanzi. Alipofika kwenye alama za kidato cha tatu akanipigia simu: "Huyu mtu wako hana kitu."

Ni kweli, hakuwa na kitu. Ripoti aliyokuja nayo ilikuwa na asilimia za mtihani wa ndani na maneno ya mwalimu wa darasa, "Mwanafunzi mwenye nidhamu, aongeze bidii." Alama za AOI zilikuwa Bwera. Na Bwera walipopigiwa simu, mhasibu alijibu kwa upole kabisa kwamba binti ana deni, na deni likilipwa kila kitu kitatumwa.

Lawama ya kwanza ninaiweka kwetu. Tulimpokea mwanafunzi wa darasa la mtihani bila kumwuliza alama zake ziko wapi, kama tulivyokuwa tukifanya miaka yote. Swali moja tu siku ya Februari lingetupa miezi mitatu ya kulishughulikia. Sasa muhula ulikuwa unakwisha tarehe 3 Mei, walimu wa Bwera wangetawanyika likizo, na usajili wa kawaida hufungwa mwishoni mwa Mei.

Tulikaa watu wanne: hedimasta, mkuu wa taaluma, mwalimu wa mitihani na mimi. Njia zilizokuwa mbele yetu zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na mwiba wake.

Arudi Bwera asajiliwe huko? Deni lingekuwa palepale, na mama yake asingekubali. Nilimpigia mwenyewe. Aliniambia, "Mwalimu wangu, nikimrudisha, nitalala wapi mimi?" Sikuwa na jibu.

Arudie kidato cha tatu kwetu, aanze AOI upya? Kwenye karatasi hii ndiyo njia safi kuliko zote, na mkuu wa taaluma aliipenda. Lakini binti alikuwa na miaka 18. Korona ilishamla karibu miaka miwili. Wasichana wa umri wake wanaoambiwa warudie darasa, wengi wao hatuwaoni tena muhula unaofuata. Nimefundisha muda wa kutosha kulijua hilo bila kuhitaji takwimu.

Asajiliwe hivyohivyo, tumwombe Mungu? Huko ni kuchukua shilingi 164,000 za mama mwuza sokoni na kumnunulia mtoto Matokeo 2.

Ilibaki njia ya kuzileta alama, na hiyo ilipitia kwenye deni.

Fundo la Kiswahili

Kabla ya deni kulikuwa na tatizo jingine ambalo mimi peke yangu nililiona haraka, kwa kuwa lilihusu somo langu. Binti alikuwa na masomo nane kamili, yale saba na Kiswahili. Hakuwa na la tisa. Na shuleni kwetu Kiswahili kilikuwa kinaishia kidato cha pili. Wanafunzi wetu wakiruhusiwa kuchagua, wanachagua dini, kilimo au kompyuta. Kwa miezi miwili na nusu binti alikuwa anakaa darasa la dini na wenzake, na daftari lake la Kiswahili likiwa sandukuni.

Mkuu wa taaluma alisema tumwandikishe dini, hesabu itatimia nane. Ingetimia kwa idadi tu. Dini hakuwa amechagua kidato cha tatu, kwa hiyo hakukuwa na kazi hata moja ya mwaka ule. Tungekuwa tumeziba tundu moja na kutoboa jingine.

Serikali ilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mwanafunzi anayeipenda lugha hii akifika kidato cha tatu katika shule nyingi haoni mwalimu, na anayehama nayo haoni pa kuipeleka. Binti alikuwa mmoja wao. Nilimwambia hedimasta nitamfundisha peke yake, saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa wiki, bila malipo ya ziada, mradi asajiliwe na Kiswahili. Alikubali. Ninamshukuru mpaka leo.

Kufundisha mwanafunzi mmoja kuna utamu wake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu. Alisema "batu" kwa watu, "kuya" kwa kuja, na alikuwa na methali ambazo sijawahi kuzisikia pwani wala Kampala. Mtihani unadai Kiswahili sanifu, na nilimfundisha sanifu, lakini sikumwambia hata siku moja kwamba anachozungumza na baba yake ni makosa. Nilimwambia zipo nguo za shule na zipo nguo za nyumbani.

Pendekezo nililolikataa

Mei ilipoingia bila alama, mwenzangu mmoja alinivuta pembeni. Akasema: wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, mtoto unamjua, anaweza, mwandikie alama za kidato cha tatu, na wenzako watafanya vivyo hivyo kwa masomo mengine. Nani atajua?

Sitamhukumu. Alisema kwa huruma, na sote tulikuwa tumechoka. Lakini niliona wazi kinachofuata. Asilimia 20 ipo ili mtoto wa kijijini anayetetemeka siku ya mtihani awe na ushahidi wa kazi ya miaka miwili. Siku walimu tutakapoanza kuandika alama za kazi ambazo hazikufanyika, ushahidi huo hautakuwa na thamani tena, na wa kwanza kuumia watakuwa watoto haohao, kwa sababu baraza likiacha kutuamini litarudisha kila kitu kwenye mtihani. Tena binti alikuwa amezifanya kazi zake. Kumtungia alama kungekuwa kuzidharau zile alizozitolea jasho.

Nilimwuliza binti jioni ile kama ana madaftari ya mwaka uliopita. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ana miguu. Akaenda bwenini, akarudi na mengine kwa mikono, mengine kichwani. Yote yalikuwa chini ya lile sanduku la bati. Kila AOI ilikuwa na tarehe, alama kwa wino mwekundu, na sahihi ya mwalimu.

Madaftari yale hayakuwa mbadala wa alama rasmi. Sisi hatukuwa na mamlaka ya kuyageuza kuwa alama za shule nyingine. Lakini yalitupa mkono wa kushika.

Deni

Ninaielewa shule ya Bwera. Shule ya binafsi hulipa walimu kwa karo, na mzazi anayeondoka na deni anaondoka na mshahara wa mtu. Walikuwa na haki ya kudai shilingi zao 480,000, hata kwa baraza la kijiji au mahakamani. Ninachokikataa ni kuzifanya alama kuwa rehani. Deni ni la mzazi, na kazi ya darasani ni ya mtoto. Zamani shule iliyoshikilia ripoti ilimchelewesha mwanafunzi, basi. Leo ikishikilia alama za kidato cha tatu inaweza kumzuia kupata cheti cha taifa, na nadhani wakuu wengi wa shule bado hawajaona jinsi ufunguo walioshika ulivyo mzito.

Mama yake hakungoja tubishane. Alikwenda mwenyewe shuleni, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chao, akiwa shahidi. Wakaandikiana: shilingi 60,000 kila mwezi kwa miezi minane, ya kwanza ikilipwa palepale. Hedimasta wetu naye alimpigia mwenzake wa Bwera, mkubwa kwa mkubwa, akamsomea kwa simu orodha ya AOI zilizomo kwenye madaftari, somo kwa somo. Nilikuwa ofisini. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali yalimalizika kwa wawili hao kuulizana habari za mafunzo ya mtaala waliyohudhuria pamoja.

Alama zilitufikia wiki ya mwisho ya Mei. Masomo saba yalikamilika na mradi ulikuwapo. Kiswahili kilikuwa wazi.

Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa wa muda na alishaondoka, bila kukabidhi rejista yake. Ikabidi madaftari yafanye safari. Nilipiga picha kila ukurasa wenye alama, nikatuma. Yule mwalimu akatafutwa, akapatikana, akathibitisha sahihi yake, na shule ya Bwera yenyewe ikaziandika alama hizo na kuzigonga muhuri. Ilikuwa siku mbili kabla ya usajili kufungwa. Sijui tungefanya nini kama binti angekuwa mmoja wa wale wanaouza madaftari kwa wauza karanga mwaka ukiisha.

Matokeo

Matokeo ya UCE 2024, ya kwanza ya mtaala mpya, yalitangazwa Februari 2025. Watahiniwa walikuwa zaidi ya 350,000, na sehemu kubwa sana yao walipata Matokeo 1. Kwa ukubwa wa idadi hiyo, wachache walioanguka kwenye Matokeo 2 hawaonekani kabisa magazetini. Mimi nilikuwa ninawafikiria hao.

Mama mdogo alituma namba ya mtihani kwa ujumbe wa simu kwenda 6600, kisha akanipigia bila kusema habari yako. "Mwalimu, wameandika Matokeo 1. Ni divisheni ya kwanza?"

Nikamweleza kwamba si divisheni, na kwamba kila aliyetimiza masharti ameandikiwa hivyo. Nikamwomba anisomee herufi. Kiswahili B. Historia B. Jiografia, Biolojia na Kiingereza C. Hisabati, Fizikia na Kemia D. Alinyamaza kidogo kisha akauliza kama kwa hizo D mtoto amefeli. Nikamwambia cheti anacho.

Binti aliingia kidato cha tano mwaka 2025, katika shule nyingine, kusoma Historia, Jiografia na Kiswahili. Safari hii alikwenda na faili lenye nakala za kila kitu. Shuleni kwetu mwanafunzi anayehamia kidato cha nne hapewi kitanda kabla alama zake za mwaka wa nyuma hazijafika kwa maandishi, na Kiswahili cha kidato cha tatu kimeanza na wanafunzi sita.

Mama yake hakuweza kulipa kila mwezi kama walivyoandikiana. Miezi miwili biashara ya mpakani ililala. Alimaliza Aprili 2025, akanitumia picha ya risiti ya mwisho, na chini yake ameandika: "Mwalimu, hatudaiwi."